Mshtakiwa Akijitetea, Mzigo Hauhami

Kila mahakama inapomwachia huru mtu ambaye umma ulikwisha kumhukumu, wito uleule huibuka: sheria ibadilishwe, mshtakiwa naye abebe mzigo wa kuthibitisha. Siku hizi wito huo hauishii mitandaoni. Umeingia kwenye miswada ya kupambana na rushwa, dawa za kulevya, ugaidi na utakatishaji fedha, na hoja huwa ni kwamba wahalifu wa leo wameizidi ujanja sheria ya jana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aeleze alikoipata mali isiyolingana na kipato chake, na wengi wanaotaka mzigo uhamishwe huitaja sheria hiyo kama mfano wa kuigwa. Jimbo la Ohio nchini Marekani lilikwenda njia nyingine kabisa. Tangu Machi 2019, mtu anayeshtakiwa huko kwa kuua au kujeruhi, akasema alikuwa akijihami, hatakiwi tena kuthibitisha kwamba alijihami; ushahidi wa kujihami ukishaonekana, upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba hakujihami. Walioshangilia mabadiliko hayo waliyaita ushindi wa wenye bunduki. Walioyalaani waliyaita kibali cha kuua.

Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinauona mzigo wa kuthibitisha kama zawadi ambayo sheria humpa mtu inayempenda na kumnyima inayemchukia. Msimamo wangu ni huu. Mtu anayeleta utetezi katika kesi ya jinai haupokei mzigo wa kuthibitisha. Anaweka shaka mbele ya mahakama, na kazi ya kuiondoa shaka hiyo inabaki kwa aliyemshtaki. Sheria inayomhamishia mshtakiwa mzigo huo haiwanasi wajanja. Inaamua jambo moja tu, nalo ni zito: mahakama ikisikiliza pande zote hadi mwisho na bado isijue ukweli ni upi, mtu huyo aende jela.

Chanzo cha fikra hii kinajulikana na kila aliyesoma sheria, lakini nje ya vyumba vya mahakama hakisimuliwi inavyostahili. Desemba 1934 kijana wa miaka 21, Reginald Woolmington, kibarua wa shambani huko Dorset, Uingereza, alimpiga risasi mke wake Violet, binti wa miaka 17 aliyekuwa amerudi kwa mama yake. Alichukua bunduki kuukuu ya mwajiri wake, akaikata mtutu kwa msumeno, kipande akakitupa kijitoni, bunduki akaining'iniza kwa waya ndani ya koti, kisha akapanda baiskeli kwenda kwa mkwewe. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitaka kumtisha mkewe kwa kumwonyesha silaha ambayo angejiua nayo asiporudi, na ikafyatuka kwa bahati mbaya. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilishindwa kuafikiana. Katika kesi ya pili jaji aliwaeleza wazee hao kwamba ikishathibitika mtu ameuawa kwa mkono wa mshtakiwa, sheria inachukulia kuwa ni mauaji ya kukusudia, na ni juu ya mshtakiwa kuwaridhisha kuwa ilikuwa ajali. Akatiwa hatiani, akahukumiwa kunyongwa.

Mwaka 1935 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilifuta hukumu hiyo. Lodi Sankey, akitoa uamuzi, aliandika kwamba katika mtandio wote wa sheria ya jinai ya Uingereza unaonekana uzi mmoja wa dhahabu: ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia ya mshtakiwa. Kama mwisho wa kesi nzima, kwa ushahidi uliotolewa na upande wowote, kuna shaka ya maana kwamba mshtakiwa aliua kwa kukusudia, ana haki ya kuachiwa. Tazama jinsi maelezo ya Woolmington yalivyokuwa dhaifu. Mtutu uliokatwa, waya ndani ya koti, mke aliyekimbia. Wengi wetu tukiyasoma leo tunaweza kusema anadanganya, na pengine alidanganya. Lakini baraza la kwanza halikuwa na uhakika, na hilo ndilo lililokuwa na uzito. Sankey hakusema kijana yule ni mkweli. Alisema haikuwa kazi yake kuthibitisha ukweli wake.

Ili kuelewa kinachopotoshwa katika mijadala ya sasa, ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuibua utetezi: kuhakikisha kuna kitu katika ushahidi kinachoifanya mahakama ilazimike kuufikiria. Mahakama haiwezi kumtaka mwendesha mashtaka akanushe kila utetezi unaoweza kubuniwa chini ya jua, kwamba mshtakiwa alilazimishwa, alichokozwa, alikuwa usingizini, alilishwa dawa. Kesi zisingekwisha. Kwa hiyo anayetaka utetezi fulani ufikiriwe anatakiwa kuonyesha msingi wake, hata kama ni kwa kauli yake mwenyewe kizimbani, hata kama ni kwa jibu moja lililomponyoka shahidi wa mashtaka alipohojiwa. Kazi ya pili ni kuthibitisha, yaani kuifikisha mahakama mahali pa uhakika ambao sheria inautaka. Kazi ya kwanza ni nyepesi na ni haki ikae kwa mshtakiwa. Ya pili inabaki ilipokuwa. Kanuni hii inahusu utetezi wa kukana tukio, kama ajali au kutokuwepo, na katika sehemu kubwa ya nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza inahusu pia utetezi wa kukubali tukio na kulitolea sababu, kama kujihami, kuchokozwa au kulazimishwa.

Mahali ambapo kanuni hii huumia kimyakimya ni katika utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio. Niliwahi kukaa benchi la nyuma la mahakama moja nikimsikiliza mshtakiwa asiye na wakili. Alisema usiku ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Hakimu akamuuliza kama ana shahidi. Akajibu, "Sina, mheshimiwa, ninaishi peke yangu." Nyuma yangu mtu mmoja akanong'ona: "Kwisha huyo." Nadhani karibu wote tuliokuwa mle ndani tuliwaza hivyo. Lakini mtu anayeishi peke yake, anayelala usiku kama watu wote, anamtoa wapi shahidi wa usingizi wake? Mahakama za Afrika Mashariki zililijibu swali hili zamani. Katika kesi ya Sekitoleko dhidi ya Uganda, ya mwaka 1967, ilielezwa kwamba mzigo wa kuthibitisha hatia hauhami kamwe, uwe utetezi ni wa kutokuwepo au mwingine wowote, na kwamba jaji anayemtaka mshtakiwa athibitishe kuwa alikuwa kwingine amepotoka kisheria. Hiyo sheria imekaa zaidi ya nusu karne. Tatizo ni kwamba swali la "una shahidi?" likiulizwa bila kufuatiwa na maelezo, mshtakiwa, wasikilizaji na mwandishi wa habari aliye pembeni huondoka wakiamini kinyume chake.

Ni kweli sheria huweka masharti. Tanzania, kwa mfano, inamtaka mshtakiwa anayekusudia kusema hakuwepo atoe taarifa mapema, ili upande wa mashtaka uweze kuchunguza, na asipotoa, mahakama inaweza isiupe utetezi huo uzito. Sioni ubaya hapo. Taarifa ya mapema inazuia hila ya kuibua utetezi siku ya mwisho wakati mashahidi wamekwisha kutawanyika. Lakini kutoa taarifa na kuthibitisha ni mambo mawili. Na hata mahakama ikiukataa utetezi huo kabisa, ikasema mshtakiwa amedanganya, bado inatakiwa kurudi kwenye ushahidi wa mashtaka na kujiuliza kama unasimama kwa miguu yake. Watu hudanganya kuhusu walikokuwa kwa sababu nyingi: aibu, hofu, kumficha mpenzi, kumlinda ndugu. Uongo wa mshtakiwa hauzibi pengo la shahidi ambaye hakuona uso.

Hapa kuna hoja moja ya watetezi wa kuhamisha mzigo inayostahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa imo ndani ya vitabu vya sheria vyenyewe. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, ambazo mizizi yake ni sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, zinasema kwamba jambo ambalo liko katika ufahamu wa mshtakiwa hasa, ni juu yake kulithibitisha. Wanasema: si hiyo hapo? Nani anajua nia ya mtu kuliko yeye mwenyewe? Nani anajua kama alitishwa, kama alidhani begi lina nguo? Hoja inavutia, na kama ingekuwa kweli kwa mapana yake, hakuna kesi ya jinai ambayo mzigo ungebaki kwa mashtaka, maana nia ya kutenda kosa daima imo kichwani mwa mshtakiwa. Ndiyo sababu mahakama zilikataa kuisoma hivyo. Baraza la Faragha huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa kutoka makoloni, lilisema hivyo mwaka 1936 katika kesi ya Attygalle iliyotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Mahakama ya Juu ya India ikarudia mwaka 1956 katika kesi ya Shambhu Nath Mehra: kifungu hicho ni cha mambo machache ya pekee, ambayo mshtakiwa anaweza kuyaonyesha bila taabu na mashtaka yangepata shida kubwa kuyafikia, na hakimpunguzii mwendesha mashtaka wajibu wake wa kuthibitisha kosa. Mfano wa siku zote ni leseni. Ukikutwa unaendesha gari na ukashtakiwa kwa kukosa leseni, kuitoa mfukoni ni kazi ya dakika moja. Tena sheria ya Kenya imeongeza sharti ambalo wanaoinukuu nusunusu huliruka: mshtakiwa ana haki ya kuachiwa ikiwa ushahidi wa upande wowote unaleta shaka ya maana kuhusu hatia yake.

Nirudi Ohio, maana kelele za bunduki zilificha jambo muhimu zaidi. Mwaka 1987, Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza rufaa ya mwanamke wa Ohio aliyempiga risasi mume wake. Walikuwa wakibishana kuhusu pesa za kununulia vyakula. Alisema mumewe alimpiga kichwani, na kwamba alifyatua alipoona anamjia tena. Sheria ya Ohio wakati huo ilimtaka yeye athibitishe kuwa alijihami. Baraza la wazee halikushawishika, akatiwa hatiani kwa mauaji, na Mahakama Kuu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema katiba haikatazi utaratibu huo. Fikiria nafasi yake. Ugomvi umetokea ndani ya nyumba, mmoja wa waliokuwa katika ugomvi huo amekufa, na aliyebaki anatakiwa kuthibitisha kwamba wa kwanza kushambulia alikuwa marehemu. Mzigo wa namna hiyo hauwalemei sana watu wenye silaha na mawakili wa gharama. Unawalemea wanaopigwa majumbani, ambao ushahidi wao mara nyingi ni miili yao na kauli zao. Wanaoyaita mabadiliko ya 2019 kibali cha kuua wajiulize ni nani hasa alikuwa akifungwa chini ya sheria ya zamani wakati mahakama ilipobaki njia panda. Wala Ohio haikuvumbua kitu. Ilikuwa jimbo la mwisho nchini mwake kufika mahali ambapo wengine walikuwa wamekwisha kufika.

Wapo wanaokubali yote hayo lakini wanasema makosa fulani ni mabaya kiasi kwamba kanuni ya kawaida haifai. Dawa za kulevya ndizo zilizotumika zaidi kujaribu hoja hiyo, na kesi zenyewe zinafundisha kuliko nadharia. Huko Canada, sheria ilisema aliyethibitika kuwa na dawa za kulevya atahesabiwa ni mfanyabiashara wa dawa hizo isipokuwa athibitishe vinginevyo. David Oakes alikamatwa na chupa ndogo nane za mafuta ya bangi, kila moja gramu moja, na dola 619.45. Alisema dawa ni za matumizi yake na fedha ni fidia aliyolipwa kama mfanyakazi. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Canada ilibatilisha kifungu hicho, kwa sababu rahisi: mtu kukutwa na kiasi kidogo cha dawa hakuonyeshi kwamba anaziuza. Afrika Kusini ilifika hapohapo mwaka 1995, katika kesi ya Bhulwana, ilipofuta dhana kwamba anayekutwa na zaidi ya gramu 115 za bangi ni mfanyabiashara hadi athibitishe kuwa siye. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika hukumu yake ya kwanza kabisa mwaka huohuo, ilikuwa imekwisha kufuta kifungu kilichomtaka mshtakiwa athibitishe kwamba alilazimishwa kukiri mbele ya hakimu. Nchi iliyokuwa imetoka tu katika utawala wa ubaguzi, ambako watu waliteswa katika vyumba vya polisi, ilijua vizuri maana ya kumwambia aliyeteswa alete ushahidi wa mateso yake.

Uingereza yenyewe ilipata kesi ya Lambert, aliyekamatwa na begi lenye kilo mbili za kokeini akasema hakujua kilichomo. Sheria ilimtaka "athibitishe" kutojua kwake. Mwaka 2001 Baraza la Malodi lilisema kifungu hicho kinaweza kusomwa kuwa kinamtaka aibue suala hilo kwa ushahidi tu, kisha mashtaka yalikanushe. Wasiwasi kwamba kila mbeba begi angepona hauna msingi. Mahakama inaweza kuangalia alivyolibeba, alivyojibu alipohojiwa, alikolipwa, simu alizopiga, na kuona kwamba kisa chake hakiaminiki hata kwa chembe. Kilo mbili za kokeini mkononi ni ushahidi mzito. Hazihitaji msaada wa sheria inayomfunga mtu ambaye huenda kweli hakujua.

Hapo ndipo ilipo hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa, atathibitisha tu. Wanaoisema hawajawahi kujiuliza kesi zinaamuliwaje zinapofika mwisho. Ukweli ukiwa wazi, mzigo wa kuthibitisha haufanyi kazi yoyote. Mahakama ikiwa na hakika ya hatia itafunga, ikiwa na hakika ya kutokuwa na hatia itaachia, mzigo ukae popote. Mzigo unaamua pale tu ambapo mahakama haijui. Chukua mshtakiwa ambaye maelezo yake yanamwacha hakimu nusu kwa nusu: huenda anasema kweli, huenda anadanganya. Mzigo ukiwa kwa mashtaka, ataachiwa. Ukiwa kwake, hata kwa kiwango kile cha chini cha kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, atafungwa, na hakimu atakayemfunga anaamini kwamba huenda hana hatia. Mahakama ya Juu ya Canada ililiweka jambo hili bayana katika kesi ya Whyte, mwaka 1988: haijalishi kama kitu anachotakiwa kuthibitisha mshtakiwa kinaitwa sehemu ya kosa, utetezi au udhuru; kama sheria inaruhusu atiwe hatiani huku kuna shaka ya maana, dhana ya kutokuwa na hatia imevunjwa. Mahakama hiyo iliona pia kwamba uvunjaji huo unaweza kuhalalishwa mara chache, kwa sababu nzito. Nakubaliana na sehemu ya kwanza kwa moyo wote. Ya pili naikubali kwa tahadhari.

Ugonjwa wa akili ndio mfano mgumu. Tangu mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, majaji wa Uingereza walisema kila mtu achukuliwe kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na Sankey mwenyewe aliuacha utetezi huo nje ya kanuni yake. Sababu za kiutendaji zipo: mashtaka hayawezi kumlazimisha mtu afungue akili yake kwa daktari wao. Lakini angalia kilichotokea Marekani. John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan mwaka 1981, na mwaka 1982 akaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kwa kuwa mashtaka ndiyo yaliyotakiwa kuthibitisha utimamu wake na hayakuweza. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo likahamishia mzigo kwa washtakiwa wa mahakama za shirikisho, tena kwa kiwango cha juu. Lililosahaulika katika hasira hiyo ni kwamba Hinckley hakwenda nyumbani. Alikaa hospitali hadi mwaka 2016. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja mashuhuri imebaki ikiwabana wagonjwa wasiojulikana na yeyote, na wengi wao hata kueleza ugonjwa wao hawawezi.

Nawaelewa wanaosimama upande wa waathirika. Mzazi aliyempoteza mtoto, mwanamke aliyebakwa akamwona aliyembaka akitoka mahakamani akitabasamu, hawahitaji kusomewa habari za uzi wa dhahabu. Maumivu yao ni ya kweli, na mara nyingi wana haki ya kusema wamedhulumiwa. Swali ni nani aliyewadhulumu. Soma sababu ambazo mahakama hutoa zinapowaachia washtakiwa: shahidi muhimu hakuitwa, kielelezo kimepita mikono isiyojulikana kabla ya kufika kwa mkemia, gwaride la utambulisho limeendeshwa vibaya, maelezo ya onyo aliyoandikisha mshtakiwa polisi yamechukuliwa nje ya muda. Hayo ni makosa ya upelelezi. Kumhamishia mshtakiwa mzigo hakumfanyi mpelelezi awe makini zaidi. Kunamwondolea sababu ya kuwa makini. Kesi iliyopelelezwa ovyo itashinda, na mhalifu halisi ataendelea kukaa mtaani kwa amani, kwani kuna mwingine anayetumikia kifungo chake.

Tena sheria haijaacha mahakama mikono mitupu. Shaka inayotakiwa ni ya maana, si kila uwezekano wa kufikirika. Jaji Denning alisema mwaka 1947 kwamba sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingeruhusu uwezekano wa kubuni uipotoshe haki. Aliyekutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita na asitoe maelezo, mahakama inaweza kuchukulia kwamba ndiye mwizi au mpokeaji. Lakini tangu kesi ya Schama na Abramovitch ya mwaka 1914 inaeleweka kwamba akitoa maelezo ambayo yanaweza kuwa ya kweli, hata kama mahakama haijayaamini sawasawa, ana haki ya kuachiwa. Kanuni hiyo moja inaruhusu ushahidi wa mashtaka ufanye kazi yake, inampa mshtakiwa sababu ya kuzungumza, na haigusi mahali mzigo ulipo. Hata zile amri za Uingereza za kueleza mali, zinazonukuliwa ili kuhalalisha kugeuza mzigo katika jinai, ni za upande wa madai: hatari iko kwenye mali, na kwa kawaida alichokieleza mtu kwa amri hiyo hakiwezi kutumika kama ushahidi dhidi yake katika kesi ya jinai. Waliozitunga walijua mpaka uko wapi. Wanaozinukuu wanauruka.

Kwa hiyo muswada mpya unapowekwa mezani, wabunge, mawakili na wananchi wanaoalikwa kutoa maoni watafute vifungu vyenye maneno "isipokuwa mshtakiwa athibitishe" na wadai maelezo kwa kila kimoja. Je, jambo hilo ni kitu ambacho asiye na hatia anaweza kukionyesha kwa karatasi moja, kama leseni? Au ni jambo la nia, la kutojua, la hofu, ambalo mtu mkweli anaweza kushindwa kulithibitisha sawa na mwongo? Kama ni la pili, kifungu kiandikwe upya kwa namna ile iliyotumika katika kesi ya Lambert: mshtakiwa aibue suala kwa ushahidi, na mashtaka yathibitishe kinyume chake. Hakuna mhalifu wa kweli atakayeponyoka kwa mabadiliko hayo ambaye upelelezi mzuri usingemnasa.

Na mahakama nazo zina sehemu yao, ambayo haihitaji kusubiri bunge. Mshtakiwa anapoonekana ana kesi ya kujibu, hakimu humweleza kwamba anaweza kujitetea kwa kiapo, bila kiapo pale sheria inaporuhusu, au kunyamaza, na kwamba anaweza kuita mashahidi. Aongeze sentensi moja zaidi, kwa lugha anayoielewa aliye kizimbani na aliye benchi la nyuma: hutakiwi kuthibitisha kuwa huna hatia. Kisha katika hukumu, anapofika kwenye utetezi, asiandike kwamba mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha alikuwa wapi. Aandike ni ushahidi upi wa mashtaka umeondoa uwezekano kwamba alikuwa nyumbani amelala. Asipouona ushahidi huo kwenye jalada, amwachie.